John Denver: maswali mnayoniuliza kuhusu maisha yake, milima yake na nyimbo zake

Kila nikimtaja John Denver mbele ya watu wa rika langu, mmoja huanza kuimba kabla sijafika mwisho wa sentensi. Wanaoujua wimbo wa "Take Me Home, Country Roads" ni wengi mno. Wanaomjua aliyeuimba ni wachache. Mimi nilianza kumsikiliza utotoni Nyahururu, jioni za baridi, redio ya baba ikiwa juu ya kabati na sisi watoto tukikatazwa kuigusa. Tangu hapo nimesoma kila nilichokipata juu yake. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi.

John Denver ni nani?

Ni mwimbaji, mtunzi na mpiga gita wa Marekani. Alizaliwa tarehe 31 Desemba 1943, akafariki tarehe 12 Oktoba 1997 akiwa na miaka 53. Katika miaka ya 1974 na 1975 nyimbo zake nne zilishika nafasi ya kwanza nchini mwake: "Sunshine on My Shoulders", "Annie's Song", "Thank God I'm a Country Boy" na "I'm Sorry". Aliimba juu ya milima, mito, tai, theluji na bahari, kwa sauti nyembamba, safi, iliyopanda bila kukaza koo.

Denver ni jina lake la kuzaliwa?

La. Jina lake ni Henry John Deutschendorf Jr., la ukoo wenye asili ya Kijerumani. Alipokuwa anatafuta riziki kwenye vilabu vya muziki vya Los Angeles, Randy Sparks, mwanzilishi wa kundi la New Christy Minstrels, alimwambia kwamba jina refu namna ile halitaenea kwenye ubao wa mlangoni. Akachagua Denver, jina la mji mkuu wa Colorado, jimbo la milima alilolipenda. Hapo pana jambo la kuzingatia. Kijana huyu alijipa jina la mahali ambapo hapakuwa kwao, miaka kadhaa kabla ya kwenda kuishi huko.

Basi kwao ni wapi?

Swali hili nalipenda kuliko mengine yote. Kwetu, mkishajuliana hali, linalofuata ni "kwenu ni wapi?", na mtu hujibu bila kufikiri: hutaja mlima, mto, au soko lililo karibu na boma la babu yake. Denver hangeweza kujibu hivyo.

Baba yake alikuwa rubani katika jeshi la anga la Marekani, mtu mkali, hodari wa kazi yake, aliyeweka rekodi za mwendo kasi mwaka 1961 kwa ndege ya kivita aina ya B-58. Familia ilifuata kazi ya baba. Mtoto alizaliwa Roswell katika jimbo la New Mexico, akakulia Tucson, Arizona, kisha wakahamia Montgomery, Alabama, kisha Fort Worth, Texas. Kila alipoanza kuwazoea wenzake darasani, uhamisho mwingine ulikuja. Alikuwa mtoto mpweke mwenye haya, na mwenyewe aliwahi kusimulia kwamba gita ndilo lililomfungulia mlango wa kuzungumza na watu.

Akiwa sekondari, Fort Worth, alichukua gari la baba yake akatorokea California akatafute maisha ya muziki. Baba alimfuata kwa ndege, akamrudisha amalize masomo. Baadaye sana walipatana, na huyo huyo baba ndiye aliyemfundisha kurusha ndege.

Mimi naamini kila wimbo wake mkubwa unatokana na utoto huo. Anayejua kwao hahitaji kupaimbia kwa uchungu kiasi kile. Denver aliutafuta mlima wa kuuita wake, na alipoupata hakuuacha tena.

Gita alilipata wapi?

Kwa bibi yake mzaa mama, alipokuwa na miaka kama 11. Lilikuwa gita kuukuu la Gibson lililotengenezwa mwaka 1910. Alilitungia wimbo, "This Old Guitar", ambao kwangu ni wa shukrani kamili: hasemi habari za umaarufu hata kidogo, anasema tu vile kifaa hicho kilivyomfundisha kupenda, kucheka na kulia.

Alisomea muziki?

Alisomea usanifu majengo katika chuo kikuu cha Texas Tech, mjini Lubbock, akaacha kabla ya kumaliza, akaenda Los Angeles. Mwaka 1965 alipata nafasi ambayo vijana wengi waliigombea: kujiunga na kundi la Chad Mitchell Trio mahali pa Chad Mitchell mwenyewe, aliyekuwa ameondoka. Huko ndiko alikojifunza kazi ya jukwaa, na kusimama mbele ya watu na nyimbo zenye msimamo juu ya vita na haki za raia.

"Leaving on a Jet Plane" ni wake kweli? Si wa Peter, Paul and Mary?

Ni wake. Aliutunga mwaka 1966 kwa jina jingine, "Babe, I Hate to Go". Mwaka huohuo alijirekodia albamu kwa fedha zake mwenyewe, akatoa nakala chache akawagawia ndugu na marafiki kama zawadi ya Krismasi. Mtayarishaji wake, Milton Okun, ndiye aliyemshawishi abadilishe jina la wimbo, na ndiye pia aliyekuwa akifanya kazi na Peter, Paul and Mary. Kundi hilo liliurekodi, na Desemba 1969 ukafika nafasi ya kwanza. Mwaka huo Denver alitoa albamu yake ya kwanza na kampuni ya RCA, "Rhymes & Reasons".

Sikiliza tena mashairi yake. Mwanamume amesimama mlangoni alfajiri, mizigo imefungwa, teksi inangoja, na hataki kwenda. Ni yuleyule mtoto wa uhamisho, sasa ni mtu mzima.

Aliishi West Virginia?

Hapana, na hapa ndipo wengi hushtuka. "Take Me Home, Country Roads" ulianzwa na watu wawili wengine, Bill Danoff na Taffy Nivert. Siku moja walikuwa garini kwenye barabara nyembamba ya mashambani huko Maryland, wakienda kwenye mkutano wa jamaa za Taffy, na Danoff akaanza kuimba kuhusu barabara yenyewe. Danoff hakuwa amewahi kukanyaga West Virginia. Ni mzaliwa wa Massachusetts, na alifikiria kulitia jina la jimbo lake kwenye wimbo kwa kuwa lina silabi nne vilevile. Nia yao ilikuwa kumpelekea Johnny Cash, mwimbaji mashuhuri wa kantri.

Desemba 1970 wawili hao walikuwa wakimtangulia Denver jukwaani katika klabu ya The Cellar Door, mjini Washington. Usiku mmoja baada ya onyesho walipanga kukutana nyumbani kwa Danoff na Taffy wapige muziki. Njiani Denver akapata ajali ya gari, akaumia kidole gumba, ikabidi apelekwe hospitali kwanza. Mwingine angekwenda kulala. Yeye alikwenda vilevile, na kidole chake kimefungwa, akausikia ule wimbo nusu, akasema huu ni wetu. Wakakesha wakiumalizia. Tarehe 30 Desemba waliuimba pale klabuni wakisoma maneno kwenye karatasi, na watu wakapiga makofi yasiyotaka kuisha. Mwaka 1971 ulifika nafasi ya pili Marekani nzima.

Wajuzi wa jiografia wana lao: milima ya Blue Ridge na mto Shenandoah vinavyotajwa kwenye wimbo kwa sehemu kubwa viko Virginia, jimbo jirani, na vinaigusa West Virginia kwenye ncha yake ya mashariki tu. Ni kweli. Lakini wenyeji hawakuona neno. Mwaka 1980 Denver alialikwa kuuimba kwenye ufunguzi wa uwanja mpya wa michezo wa Chuo Kikuu cha West Virginia, mjini Morgantown, na mwaka 2014 jimbo likautangaza kuwa mmoja wa nyimbo zake rasmi.

Nimeufikiria sana wimbo huu. Watatu waliutunga, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anatoka huko. Walichokuwa nacho ni hamu ya kurudi nyumbani, na jina la mahali lililokaa vizuri mdomoni. Labda ndiyo maana kila mtu huingiza barabara yake mwenyewe ndani yake. Mimi nikiusikia naona ile barabara ya vumbi ya kwenda kwa nyanya, na mkaratusi uliokuwa pale njia inapogawanyika.

"Rocky Mountain High" ni wimbo wa bangi?

Si wa bangi, na tuhuma hiyo ilimuudhi miaka mingi. Neno la mwisho kwenye jina la wimbo kwa Kiingereza lina maana ya juu, kileleni, na vilevile ya mtu aliyelewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vituo vya redio Marekani vilikuwa vikiogopa nyimbo zinazosifu dawa za kulevya, na baadhi vikaacha kuupiga huu.

Kilichotokea ni hiki. Denver na mkewe walikuwa wamehamia Aspen, Colorado. Usiku mmoja wa kiangazi, walikwenda na marafiki kupiga kambi kando ya ziwa dogo la Williams, juu milimani, wakati wa mvua ya vimondo vya Perseid, ile inayokuja kila Agosti. Hapakuwa na mwezi. Vimondo vilishuka vingi mpaka ikawa kama anga linanyesha moto, na katika wimbo anasema hivyo hasa. Aliutunga kwa miezi, pamoja na mpiga gita Mike Taylor, na ulitoka mwaka 1972.

Tarehe 19 Septemba 1985 alisimama mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani iliyokuwa ikijadili kubandika onyo kwenye sahani za muziki. Waliotoa ushahidi siku hiyo walikuwa pamoja na Frank Zappa na Dee Snider, wanamuziki wa makelele, na wengi walidhani Denver, mtu mpole wa nyimbo za milima, angeunga mkono udhibiti. Alieleza jinsi wimbo wake ulivyofungiwa na watu ambao hawajawahi kuuona mlima kama alivyouona, akapinga udhibiti waziwazi. Namheshimu sana kwa siku ile.

Lakini mnisikilize, ubeti unaonivuta zaidi ni wa mwisho, ambao watu huupita. Anamtaja mtu aliyejaa furaha ya msitu na vijito lakini moyoni ana hofu, kwa sababu haelewi kwa nini wanataka kuibomoa milima ili kuleta watu zaidi na makovu zaidi juu ya ardhi. Hayo hayakuwa maneno ya hewani. Mwaka huohuo wa 1972 watu wa Colorado walikuwa wakibishana juu ya Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 1976, ambayo mji wa Denver ulikuwa umeshapewa. Novemba wakapiga kura wakakataa kuigharamia, gharama na uharibifu wa milima yao vikiwa miongoni mwa sababu kubwa, na michezo ikahamishiwa Innsbruck, Austria. Mwaka 2007 Colorado iliufanya "Rocky Mountain High" kuwa wimbo wake rasmi wa pili.

"Annie's Song" ulitungwa kwa ajili ya nani?

Annie Martell, mke wake wa kwanza, msichana wa Minnesota aliyemwoa mwaka 1967. Walikuwa wametoka kupitia kipindi kigumu. Denver alipanda kiti cha waya kinachowapandisha watelezaji wa theluji mlima wa Ajax pale Aspen, na kabla hajafika kileleni wimbo ulikuwa umekamilika kichwani. Alisema ulimchukua kama dakika kumi. Akateleza kurudi nyumbani haraka auandike.

Sikilizeni anavyomsifu mwanamke. Hamfananishi na malaika wala na dhahabu. Anamfananisha na usiku wa msituni, milima wakati wa masika, mvua, jangwa, bahari iliyolala. Washairi wetu wa pwani wanaijua njia hiyo. Jina la Annie lenyewe halimo ndani ya wimbo.

Okun, mtayarishaji wake, alimwambia kwamba mwanzo wa tuni ya wimbo huo unafanana mno na kipande cha simfoni ya tano ya Tchaikovsky, mtunzi wa Kirusi wa muziki wa klasiki, naye akaurekebisha. Ulifika nafasi ya kwanza Marekani na Uingereza mwaka 1974.

Mbona "Sunshine on My Shoulders" una huzuni?

Kwa sababu aliutunga bila jua. Ilikuwa Minnesota, mwisho wa baridi, theluji inayeyuka, mbingu imefunga, na yeye anatamani miale michache tu mabegani. Anayetoka Limuru au Njombe mwezi wa Julai ataelewa bila kuelezwa.

"Calypso" ni nini?

Ni meli. Ni meli ya utafiti ya Jacques Cousteau, Mfaransa aliyeionyesha dunia maisha ya chini ya bahari kupitia filamu zake. Denver alikuwa rafiki yake, akapanda meli hiyo, akaitungia wimbo uliotoka mwaka 1975 upande wa pili wa sahani ya "I'm Sorry". Mapato ya wimbo aliyapeleka kwenye shirika la Cousteau. Pale anapoanza kupandisha sauti kama baharia anayeita kutoka mbali, ndipo utajua uwezo wa koo lake.

Alikuwa mwanamuziki wa kantri?

Wenye kantri wenyewe waligawanyika. Mwaka 1975 Denver alipewa tuzo ya mtumbuizaji bora wa mwaka na chama cha muziki wa kantri, CMA. Aliyefungua bahasha jukwaani alikuwa Charlie Rich, mshindi wa mwaka uliotangulia. Alisoma jina, akatoa kiberiti, akaichoma karatasi mbele ya kamera. Denver alikuwa akionekana kwa setilaiti kutoka ng'ambo, hakukiona kitendo hicho, akatoa shukrani zake kwa furaha. Wako waliolichukulia tendo lile kuwa kejeli kwa Denver, na wako waliosema Rich alikuwa amelewa.

Mimi namweka kwenye mapokeo ya waimbaji wa gita moja na hadithi moja, muziki wa wananchi ambao Wamarekani huuita folk, aliotoka nao katika vilabu vya miaka ya 1960. Kantri alipita jirani, akasalimia, akakaribishwa na wengine.

Aliimba tu juu ya mazingira, au kuna alichofanya?

Alifanya, na ndiyo sababu hasa ya mimi kuandika haya. Wapo waimbaji wengi wa jua na maua. Wachache walikwenda kukaa kwenye vikao vya bunge kwa ajili ya jua na maua.

Mwaka 1970, mwaka wa Siku ya Dunia ya kwanza, alitoa albamu iliyobeba jina la wimbo wa Tom Paxton, "Whose Garden Was This", unaouliza bustani hii iliyoharibika ilikuwa ya nani. Mwaka uliofuata alitunga "The Eagle and the Hawk" kwa ajili ya kipindi cha televisheni kuhusu ndege wawindaji. Mwaka 1976 yeye na Thomas Crum walianzisha taasisi ya Windstar huko Snowmass, karibu na Aspen, kwenye ardhi ya karibu ekari 1,000, ambapo watu walijifunza kilimo kisichochosha udongo, nishati ya jua na utunzaji wa ardhi. Taasisi ilifungwa mwaka 2012, miaka 15 baada ya kifo chake.

Kisha Alaska. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Marekani ilikuwa na mvutano mkubwa: je, nyika za Alaska zilindwe, au zifunguliwe kwa mafuta, madini na mbao? Denver alikwenda huko, akatengeneza filamu kuhusu jimbo hilo, akatunga "To the Wild Country", akawashawishi wanasiasa. Tarehe 2 Desemba 1980 Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria iliyoweka chini ya ulinzi zaidi ya ekari milioni 100. Denver hakuifanya kazi hiyo peke yake, na hakudai hivyo, lakini alikuwa mmoja wa sauti zilizosikika.

Mwaka 1978 Carter alimteua kwenye tume ya rais kuhusu njaa duniani. Mwaka 1992 alianzisha shirika la kupanda miti, Plant-It 2000. Na mwaka 1993 alipewa tuzo ya muziki ya Albert Schweitzer, wa kwanza nje ya muziki wa klasiki kuipata.

Aliwahi kufika Afrika?

Ndiyo. Katikati ya miaka ya 1980 alisafiri katika nchi za Afrika zilizopigwa na ukame na njaa, kwa ajili ya kazi yake dhidi ya njaa. Albamu yake ya 1985, "Dreamland Express", ina wimbo unaoitwa "African Sunrise". Mwaka huohuo wasanii wakubwa wa Marekani walikusanyika kurekodi "We Are the World" kuchangia waathirika wa njaa. Denver, aliyekuwa ameshughulikia jambo hilo kwa miaka, aliomba kushiriki akakataliwa. Aliandika baadaye kwamba ilimuumiza moyo. Na mimi inaniuma kila nikikumbuka.

Ni kweli alitaka kwenda angani?

Kweli kabisa. Alipenda kuruka tangu utoto, alifaulu vipimo vya afya vya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, na shirika hilo lilimpa nishani yake ya utumishi kwa umma mwaka 1985. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha Challenger kililipuka na watu wote saba waliokuwamo wakafa, mmoja wao mwalimu Christa McAuliffe. Denver aliwatungia "Flying for Me".

Upande wa Urusi nao alifika. Aliimba katika Muungano wa Sovieti mwaka 1985, vita baridi ikiwa bado inaendelea, akarekodi na Alexander Gradsky wimbo wa kupinga silaha, na mwaka 1987 akaimba mjini Kiev kwa ajili ya waathirika wa ajali ya nyuklia ya Chernobyl.

Alikuwa mtu mwema kama nyimbo zake?

Sitamficha mtu. Ndoa yake na Annie, waliyeasili naye watoto wawili, Zachary na Anna Kate, ilivunjika mwaka 1982, na katika kitabu chake cha 1994 alikiri mwenyewe kwamba kwa hasira alimkaba Annie shingo, na akakata kitanda kwa msumeno wa mashine. Ndoa ya pili, na mwigizaji Cassandra Delaney, ilimpa binti, Jesse Belle, nayo ikavunjika. Miaka ya 1990 alikamatwa mara mbili kwa kuendesha gari akiwa amelewa. Annie hakustahili yale, na wimbo mzuri haufuti alama za mikono. Nampenda mwanamuziki huyu nikijua hayo.

Alifariki vipi?

Kwa ndege. Alikuwa amenunua ndege ndogo aina ya Long-EZ, ya kuundwa nyumbani, akaichukua jioni ya tarehe 12 Oktoba 1997 kutoka uwanja wa Monterey, California, akiwa peke yake. Alizunguka akitua na kupaa mara kadhaa, kisha akaelekea upande wa bahari. Ndege ikaanguka majini karibu na ufuko wa Pacific Grove.

Wachunguzi walilielekeza jicho kwenye swichi ya kubadilisha tangi la mafuta. Kwa kawaida ndege ya aina hiyo huwa nayo mbele, kati ya miguu ya rubani. Aliyeiunda hii aliiweka nyuma ya bega la kushoto, ili mabomba ya mafuta yasipite mbele ya rubani. Kuifikia ilibidi ajigeuze kitini, na anayejigeuza hivyo ni rahisi kusukuma kanyagio kwa mguu na kuigeuza ndege bila kukusudia. Aliondoka na mafuta kidogo, na alikataa kuongezewa. Cheti chake cha afya cha urubani kilikuwa kimefutwa kwa sababu ya mambo ya pombe, lakini uchunguzi wa mwili haukukuta pombe yoyote siku hiyo. Alikuwa na zaidi ya saa 2,700 za kuruka.

Amezikwa wapi?

Hana kaburi. Alichomwa, na majivu yake yakatawanywa kwenye milima ya Rocky. Ukitaka mahali pa kumkumbuka, nenda Aspen, kwenye bustani iliyopewa jina lake kando ya mto Roaring Fork, ambapo maneno ya nyimbo zake yamechongwa kwenye mawe makubwa.

Kwa nini anapendwa hivi Kenya?

Kantri imepigwa kwenye redio zetu tangu zamani, na leo tuna waimbaji wetu wenyewe, kama Sir Elvis Otieno, wanaojaza kumbi kwa kofia na gita. Watu wa nyanda za juu za Bonde la Ufa hasa huipenda. Ng'ombe, mahindi, ukungu na barabara mbaya si vitu vya kuelezwa mara mbili. Nao wafanyakazi wa Nairobi wanajua hamu ya Desemba, matatu zikiwa zimejaa, nauli imepanda, na kila mtu anakwenda mashambani, au ocha kama vijana wanavyosema. Nimeusikia "Country Roads" kwenye harusi na kwenye matanga, na watu wale wale wakiuimba kwa hisia tofauti.

Mimi naanza gita. Naweza kuupiga "Country Roads"?

Unaweza leo. Unahitaji mikao minne ya vidole, G, E ndogo, D na C, na F inayoingia mara moja tu katika kile kipande cha kati kabla ya kiitikio cha mwisho. Rekodi yenyewe iko katika A, kwa hiyo ukitaka kuimba pamoja naye bana shingo ya gita kwa kapo kwenye chuma cha pili. "Leaving on a Jet Plane" ni rahisi zaidi, G, C na D zinakutosha. "Annie's Song" uache kwanza: mdundo wake ni wa tatu-tatu, na mkono wa kulia unachuna nyuzi moja moja bila kupumzika, kidole gumba kikishika besi. Ukiuharakisha utauvunja.

Nianze kusikiliza wapi?

Mkusanyo wake wa 1973, "John Denver's Greatest Hits", una nyimbo alizozirekodi upya kwa sababu aliona sauti yake imekomaa, nami nakubaliana naye. Ukishauzoea, tafuta albamu ya 1971, "Poems, Prayers & Promises", halafu "Windsong" ya 1975, ambayo upepo wenyewe ndio unaosimulia. "Wild Montana Skies", alioimba na Emmylou Harris mwaka 1983, watu wameusahau bila haki. Na usikose "The Eagle and the Hawk". Ni wa dakika mbili na kitu, sauti inapanda, inapanda, haishuki tena. Upige ukiwa nje, mchana, mahali ambapo mwewe huzunguka.